Kasiba tupu kwenye begi: je, nikate bunduki ya kuwindia ili nifunge kiwambo cha sauti?

"Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, niko New Zealand mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Leseni ya bunduki ya huku ninayo. Mwenye shamba amenipa bunduki ya marehemu babake, .308 (ndicho kipimo cha risasi) ya bolti (ya kukoki kwa mkono), kasiba, yaani mtutu, inchi 24. Huku karibu kila mtu anawinda kwa kiwambo cha sauti, kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa kasiba kupunguza mlio. Niliazima cha rafiki, hakifungiki kwa sababu mdomo wa kasiba yangu hauna nyuzi za skrubu, na nikikiweka tu mbele kwa kupima, bunduki inakuwa ndefu kama pondo la kusukumia mashua: kwenye gari haiingii, porini haipiti. Wengine wananiambia nikate inchi nne, wengine nane. Mjomba wangu yuko Malindi, ana mashine ya kerezo anayochongea shafti za boti, na mwezi ujao naja likizo. Nafikiria niifungue kasiba peke yake, nije nayo kwenye begi, aikate na kuitia nyuzi. Kasiba tupu si bunduki, au vipi? Na ikikatwa haitapoteza shabaha? Nataka iwe kimya kama zile za kwenye filamu, maana nikipiga masikio yananivuma siku mbili."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, nami nitayajibu kwa mpango wangu. Naanza na begi.

Usije nayo. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haiangalii bunduki nzima peke yake. Inahesabu na sehemu zake, na hata hicho kiwambo cha kupunguza mlio au mwako kimetajwa humo humo. Kutengeneza au kurekebisha silaha bila kusajiliwa kwa biashara hiyo ni kosa jingine, na hilo litamwangukia mjomba. Kwa safari moja utakuwa umejitia wewe kwenye kesi ya kuingiza silaha nchini, na umemtia mzee wa watu, aliyezoea kuchonga shafti zake kwa amani, kwenye kesi ya kuchonga bunduki. Na kabla hujafika kwetu, forodha ya New Zealand nayo inataka kibali kwa sehemu za silaha zinazotoka nje.

Hebu jiweke mahali pa askari wa uwanja wa ndege. Mbele yake kijana wa Lamu, begi la nguo na zawadi, na katikati ya khanga za mama mtutu wa bunduki. Utamwambia ni wa kulungu? Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Neno "nawinda" halina pa kusimama. Na huku kwetu, tangu operesheni ya kijeshi dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni ianze mwaka 2015, chuma cha namna hiyo kina tafsiri moja tu machoni pa mwenye sare. Sikutishi. Nimewaona watu wema wakikaa rumande kwa vitu vidogo kuliko hicho.

Tena, kasiba ya bunduki ya bolti haifunguliwi kama balbu. Imekazwa kiwandani kwa nguvu nyingi, na pale inapoungana na mwili wa bunduki ndipo panapoamuliwa nafasi kati ya kitako cha ganda la risasi na uso wa bolti. Nafasi hiyo hupimwa kwa kiasi cha unene wa karatasi. Ukiirudisha vibaya, ganda linaweza kupasuka, na litapasukia sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Hapo mjomba hahusiki hata kidogo, ni wewe na spana yako.

Sasa masikio, maana katika barua yako hilo ndilo lililonikaa moyoni. Kuvumiwa na masikio siku mbili baada ya kupiga ni jeraha, hata kama linapona. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikilazwa na kishindo, vingine huinuka baada ya saa kadhaa, vingine hufa, na vikifa havioti tena. Ile hali ya kupona siku ya tatu ndiyo inayowadanganya wawindaji: unaona umerudi sawa, kumbe kila mara umebaki na vichache kuliko jana.

Mlio wa .308 isiyo na kiwambo hufika desibeli 165 hadi 170 pale mdomoni. Kwa kishindo cha ghafla, 140 ndio mpaka ambao wataalamu wa masikio hawataki uuvuke hata mara moja. Na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila 10 inayoongezeka ni nguvu mara kumi, kwa hiyo tofauti ya 140 na 170 ni mara elfu. Kiwambo kizuri hupunguza 20 hadi 30 hivi, pengine zaidi kidogo. Piga hesabu mwenyewe: kinakurudisha jirani na ule mpaka, hakikupeleki kwenye ukimya. Ile "pyu" ya kwenye filamu imetiwa studioni.

Na kuna mlio wa pili ambao kiwambo hakiugusi kabisa. Risasi yako inatoka kwa kasi ya mita 850 hivi kwa sekunde, na sauti hewani inakwenda kama mita 340. Kitu kinachoikimbia sauti huipasua hewa njia nzima, kama mjeledi. Hiyo kasiba uikate, uifunge, uifanye utakavyo, mpasuko utabaki. Ndiyo maana hata mwenye kiwambo anavaa kinga ya masikio. Faida yake ni kwamba kishindo kinachokupiga usoni kinapungua, teke la bunduki begani linalainika, mbwa wako na mwenzako aliyesimama kando wanapona, na mnyama hajui kwa urahisi mlio umetokea wapi.

Kinavyofanya kazi utakielewa haraka kwa sababu umekulia Lamu. Fikiria nyumba ya kale ya mawe. Mtu akipiga kelele barabarani haisikiki vile vile ndani: kutoka daka (baraza ya mlangoni) hadi tekani (ukumbi mdogo wa ndani), tekani hadi kiwanda (ua), kiwanda hadi misana (vyumba virefu vya ndani), kila ukuta unakula kidogo. Gesi ya baruti nayo ikitoka kwenye kasiba hupitishwa vyumba baada ya vyumba, kila ukuta una tundu katikati la kupitisha risasi, na kila chumba kinaipa gesi nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kufika nje. Sailensa ya pikipiki ni ndugu yake wa tumbo moja. Aliyepata hataza ya kiwambo cha bunduki mwaka 1909 ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, na viwambo vya injini alivishughulikia vile vile. Babake ndiye yule Maxim aliyebuni bombom, bunduki ya kupiga mfululizo, na uzee ulimkuta kiziwi kwa milio ya mashine zake mwenyewe.

Tuje kwenye kukata.

Tairi la gari la mwenye shamba lina presha ya 30 hivi. Kwa kipimo hicho hicho, ndani ya chemba ya .308 wakati baruti inawaka presha hufika kama 60,000. Risasi inaposukumwa kwenda mbele gesi inapata nafasi na presha inashuka, lakini risasi inapofika mdomoni bado kuna maelfu nyuma yake. Kasiba fupi maana yake mlango unafunguliwa mapema zaidi, presha ikiwa bado juu. Kwa hiyo unapata mambo mawili kwa pamoja: risasi imesukumwa kwa muda mfupi, inatoka polepole kidogo, na gesi inatoka na hasira zaidi, kwa hiyo mlio na mwako huongezeka, na kiwambo kinabeba mzigo mkubwa zaidi. Wanaokuambia ukate inchi nane hawakuambii hili la pili. Unakata ili ufunge kitu cha kupunguza mlio, kumbe kwa kule kukata umeuongeza.

La kasi lisikutie hofu sana. Kwa .308, kila inchi unayokata hupoteza kama mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Inchi nne ni mita 25 hadi 35. Ukishuka kutoka 850 hadi 820 hivi, umepoteza sehemu sita au saba kwa mia ya nguvu ya risasi. Kwenye mita 100 au 150, ambako kwa msitu wa milimani wa huko ndiko mtapigia mara nyingi, kulungu hatajua tofauti, na wewe ukielekeza mahali panapofaa utamwahi na kisu chako na bismillahi yako. Kwenye mita 200 risasi itashuka zaidi ya zamani kwa kiasi kisichozidi upana wa kidole. Mbali zaidi ya hapo mambo hubadilika, maana risasi nyingi za kuwindia zinahitaji kama mita 550 hadi 600 kwa sekunde zikifika mwilini ndipo zifunguke vizuri. Ikipungua hapo hupenya kama sindano na mnyama anakwenda kufia mbali. Na hesabu hii ni ya .308, ambayo haina makuu. Rafiki yako mwenye 7 mm Magnum asiichukue: ile hutumia baruti nyingi inayoungua taratibu, na kasiba ikifupishwa hupoteza zaidi.

Shabaha ni hadithi nyingine, na hapa karibu kila mtu amekosea. Kasiba fupi haipotezi shabaha. Umewahi kushika pondo? Lishike mwishoni ulinyooshe mbele, ncha inacheza. Lishike katikati, limekakamaa. Kasiba nayo hutikisika risasi inapopita, na ukiipunguza kutoka inchi 24 hadi 20 ugumu wake huongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Kinachoharibu shabaha ni mdomo. Pale risasi inapoiachia kasiba, ukingo ukiwa na kijino upande mmoja, gesi inatangulia kutokea hapo na kuisukuma risasi kitako. Bunduki za wazee wengi zimeharibika hapo hapo, kwa miaka ya kusuguliwa na ufito wa kusafishia. Kuna bunduki iliyoletwa kwangu ikitawanya risasi kama mbegu, ikakatwa sentimita mbili tu na mdomo ukachongwa upya, ikarudi kupiga pamoja. Kabla ya kuamua lolote, chukua kurunzi na kioo cha kukuzia uutazame mdomo wa bunduki ya mzee, huku bolti imetolewa na umehakikisha mara mbili kwamba haina risasi.

Hapa namrudia mjomba, nami namsema kwa heshima. Fundi wa shafti anajua kazi, lakini kazi yake ni ya nje. Shafti haina tundu. Anaishika kwa mgongo wake, anaizungusha, na mgongo ukinyooka shafti imenyooka. Kasiba ni kinyume chake. Kinachotakiwa kuwa katikati ni tundu, na tundu si lazima liwe katikati ya chuma. Kwenye bunduki za zamani mara nyingi limepotoka kidogo na jicho halioni. Nyuzi zikikatwa kwa kufuata mgongo wa kasiba, kiwambo kitakaa sawasawa na mgongo, na risasi itatoka kwa kufuata tundu. Ukichukua kiwambo cha sentimita 18, nusu digrii tu ya kupinda inakusogeza zaidi ya milimita moja na nusu pale mwishoni. Nafasi kati ya risasi na kuta za ndani ya kiwambo mara nyingi haifiki hapo.

Nimeshika mkononi kiwambo kilichopatwa na hilo. Kwa nje kilionekana kizima. Nilipokielekeza dirishani, tundu la mwisho lilikuwa limelambwa upande mmoja, chuma kimeng'aa kama sarafu mpya, na ukuta wa tatu umekunjwa kama kifuniko cha mkebe wa samaki. Mwenyewe alisema alisikia "risasi imepiga vibaya kidogo", akapiga nyingine mbili. Alijaliwa tu. Yule aliyemkatia nyuzi alikuwa fundi mzuri wa pampu za maji.

Kwa hiyo kazi hii, ukiifanya, ifanyike huko huko New Zealand kwa fundi wa bunduki anayezifanya kila wiki. Huko kukata na kutia nyuzi ni kazi ya kawaida, haitazamwi vibaya, na viwambo havihitaji kibali cha peke yake. Mpaka wa kuuchunga ni urefu wa bunduki nzima: chini ya milimita 762 sheria yao inaihesabu kuwa bastola, na hapo ni ulimwengu mwingine. Ya kwako haikaribii huko hata ukikata inchi nane. Ila sheria za silaha za nchi ile zimekuwa zikibadilishwa mara kwa mara tangu 2019, basi waulize Te Tari Pūreke, mamlaka yao ya usalama wa silaha, kabla hujalipa mtu. Usichukue ushauri wa Wamarekani ukaufanya sheria yako. Wao wana mpaka wao wa inchi 16 za kasiba, wa tangu 1960, na masharti yao mengine.

Lakini mimi ningekuwa wewe nisingekata kwanza. Kuna aina ya kiwambo ambayo pengine hujaoneshwa, kinachovaa kasiba kama soksi: nusu ya mwili wake inarudi nyuma juu ya kasiba, na mbele inatokeza sentimita 8 au 10 tu. Kipime na kile cha rafiki yako. Bunduki ya kasiba ya inchi 24 huwa na sentimita 112 hivi. Ukikata inchi nne na kufunga kiwambo cha kawaida cha sentimita 18, unafika 120. Usipokata kabisa na ukafunga hicho cha kuvaa, unafika 120 hadi 122. Tofauti haizidi sentimita mbili! Na umebaki na kasi yako yote, mlio haukuongezeka mdomoni, na kasiba ya marehemu ina urefu ule ule aliouacha, ila mdomo itabidi utiwe nyuzi. Ubaya wake ni kwamba ni kinene, kinaongeza uzito, na kinataka kasiba nyembamba iliyonyooka ambayo haina vinundu.

Kinundu chenyewe ni kilengeo cha mbele. Bunduki za umri huo nyingi zina kile kijiti cha kulengea pale mdomoni. Kikiwepo, kiwambo cha kuvaa hakitapita, na ukikata kinakwenda na kipande. Hapo utakuwa umebakiwa na darubini peke yake, na siku darubini itakapogongwa kwenye mwamba huna pa kurejea. Jambo jingine la kumwuliza fundi ni unene wa chuma pale mdomoni. Kasiba za kuwindia huwa nyembamba kadiri zinavyokwenda mbele, na zikiwa nyembamba mno nyuzi hazipati bega la kuegemea. Fundi akikuambia kwa sababu hiyo turudi nyuma inchi mbili, huyo anajua anachosema, mkubalie. Akikuambia inchi nane kwa sababu "zinapendeza fupi", mshukuru utoke. Kwa .308 ya porini mimi huishia inchi 20, na 18 kwa mtu aliyenieleza vizuri kwa nini.

Na mwenye shamba umemwuliza? Bunduki ya babake, amekupa kwa mapenzi. Huenda kwake urefu wa kasiba hiyo ni kumbukumbu. Nimeona urafiki wa miaka ukipoa kwa sababu ya msumeno. Kama ni ya thamani kwake, mrudishie kwa shukrani, utafute iliyokuja na nyuzi kutoka kiwandani. Mpya za siku hizi nyingi zinakuja hivyo.

Ukishafunga, usidhani darubini yako bado inasema kweli. Gramu 400 kwenye ncha ya kasiba hubadilisha inavyotikisika, na risasi itahama. Lenga upya kwenye karatasi, kisha uwinde na kiwambo hicho hicho kikiwa mahali pake siku zote; usikivue leo ukakivaa kesho halafu ukashangaa. Kikaze kila baada ya risasi chache, maana hulegea chenyewe. Ukipiga mfululizo kitapata moto na utaona mazigazi yakicheza ndani ya darubini, kulungu anaogelea, acha kipoe. Jioni kivue. Mvuke na masizi ya baruti vikilala humo usiku kucha vinakula chuma kama chumvi ya Manda inavyokula misumari ya jahazi, na unyevu huo hurudi na kasiba yenyewe.

Yote hayo yanaweza kungoja. Masikio hayangoji. Kabla ya kupiga risasi nyingine, nunua kinga: vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja. Kisha upimwe usikivu na daktari wa masikio huko uliko, mara hii, hata kama leo unasikia vizuri, ili kiwepo cha kulinganisha mwakani. Mvumo ukipita siku mbili hizo, au sikio moja likazidi kuziba kuliko jingine, au ukaanza kupata kizunguzungu, nenda siku hiyo hiyo.

Likizo njoo mikono mitupu. Niletee kwenye simu picha ya mdomo wa kasiba iliyopigwa kwa karibu, na vipimo viwili: unene wa kasiba pale mdomoni, na unene wake inchi nne nyuma. Mimi niko hapa Malindi, Shella, baada ya alasiri hunikosi barazani. Mjomba mwambie aje naye. Nina kerezo ya kumwuliza mambo fulani, inanisumbua beringi.